Kuonja Si Kunywa

Mke wangu Mwanaheri alikuwa mwonjaji wa tembo. Sikumkuta na kazi hiyo kwao. Aliipata kwangu.

Mimi naitwa Likwata, nilikuwa mgema. Nimejifunza kuandika uzeeni, na mwalimu Andrea wa kisomo ametuambia kila mmoja aandike habari za mtu mmoja anayemjua, zisomwe darasani. Wengine wameandika habari za babu zao waliopigana vita. Mimi sina mwingine ninayemjua kuliko mke wangu. Wengi mtakaosikiliza mmo humu, nimewataja kwa majina. Mtanisamehe. Na mimi nimo.

Shamba letu la minazi liko upande wa pwani ukitokea Kiranjeranje, pale mchanga unapoanza kuwa mweupe. Mgema hupanda asubuhi na jioni, anakata ncha ya karara la mnazi kwa kisu chake, kotama, anafunga kibuyu, anashuka. Tembo likifika chini kazi yake imekwisha. Kuuza ni kwa mke. Ndivyo tulivyokuta.

Na anayeuza lazima aonje. Hili halikuandikwa mahali, lakini hakuna aliyelivunja. Kata unayomimina, wewe mwenyewe unatangulia, mbele ya mnunuzi, na unameza akiona. Chombo cha tembo ni mahali pepesi pa kumtilia mtu kitu. Kibuyu kipya kikifunguliwa, unaonja upya. Mnunuzi mwingine akija na shaka yake, unaonja tena.

Mwanaheri alitoka kisiwa cha Songo Mnara. Baba yake, mzee Hasani, alifundisha watoto Kurani. Mama yake alikausha pweza. Nilimwona bandarini Pande, ameshuka chomboni na mama yake, ana tenga la pweza kichwani. Mrefu, ana mwanya. Akamwambia mama yake, nami nasikia, "Huyu mwenye kotama ananitazama kama nazi." Nikacheka. Posa ikaenda.

Mzee Hasani hakufurahi, lakini hakukataa. Siku ya kumchukua alimwita mbele yangu.

"Umechagua mgema," alimwambia. "Mikono yako sasa ni ya mumeo. Akikutuma uuze utauza, na hesabu yake iko kwa Mungu. Lakini kinywa chako nimekilea mimi, kwa Kurani. Kisiguse."

"Hakitagusa, baba."

"Umesikia nilichosema?"

"Nimesikia. Kinywa hakitagusa."

Mwanaheri alisema kweli. Hakujua kazi ilivyo. Kisiwani kwao tembo haliuzwi barazani.

Mwanzoni alionja akatema. Wanywaji walikuwa wachache, watu wa jirani, wakavumilia. Mpaka akaja Tomaso, Mmakonde aliyekuwa akikata mkonge, mtu wa maneno. Mwanaheri akaonja, akageuka pembeni, akatema mchangani. Tomaso akashika kata asinywe.

"Mama," akasema, "anayetema anajua alichotia."

Watu wakacheka. Wakamtazama. Naye akachota tena, akameza, Tomaso akitazama koo.

Siku ile alisukutua kwa maji ya chumvi mpaka midomo ikababuka. Dada yangu Kadija, ambaye ndiye aliyeniuzia kabla sijaoa, akamkuta.

"Wifi, unalia nini? Kuonja si kunywa."

"Nimemeza, wifi."

"Umemeza tone. Hata mwezi wa Ramadhani mpishi anaonja chumvi ya mchuzi, na saumu yake haiharibiki."

"Lakini anatema."

Kadija akafikiri. "Basi wewe meza kidogo," akasema.

Wakacheka wote wawili. Tangu hapo neno likawa hilo. Kuonja si kunywa.

Mwaka wa Uhuru ngoma zilipigwa kila mtaa, na watu wasiojulikana walikuja kwetu kutoka mbali. Niligema minazi yote, hata ile michanga. Mwanaheri alionja kutwa nzima, maana kila mgeni alitaka aone kwa macho yake. Jioni ile nilimsikia akiimba. Alikuwa na sauti nzuri, na macho yake yalimeremeta. Nikafurahi. Nikasema mke wangu amefurahia Uhuru.

Sikumwona amelewa hata siku moja. Hakuyumba, hakutukana, hakuvua kanga begani. Mimi ndiye niliyekuwa nikiletwa nyumbani nimeshikwa mikono. Watu wakiniona wakasema, "Huyu mgema pombe itamwua." Yeye wakimwona walisema, "Mke wa mgema ana bahati mbaya, lakini ni mwanamke mtulivu." Sala hakuacha. Ila aliacha kusali na wenzake. Alitafuna karafuu, akasubiri harufu ipungue, akasali peke yake nyuma ya nyumba. Maulidi akialikwa alisema ana homa.

Na siku asipokuja mnunuzi, alionja vilevile. "Naona kama limechacha," alisema. Nami sikuona neno.

Abdala, tuliyemzaa kabla ya Uhuru, akakua, akaenda Mtwara kufanya kazi bandarini. Miaka ikaenda.

Kisha tukakusanywa kijijini. Mnakumbuka. Watu waliletwa kutoka Mitole, kutoka mabondeni, kutoka milimani kwa Wamatumbi, kila mmoja na mlango wake kichwani. Kijiji kikawekwa karibu na minazi yangu, kwa hiyo mimi sikuhama mbali. Lakini majirani wote walikuwa wapya. Mtu analala, ukuta wa pili yupo asiyemjua ukoo wake wala mganga wake.

Mwenyekiti Yunusu akasema kijiji kitakuwa na kilabu kimoja, wagema wote wapeleke tembo huko, na muuzaji awe mmoja wa kijiji. Wakamchagua Mwanaheri. Hakuna aliyebisha. Alijulikana kuwa mtu wa haki.

Basi kazi yake ikaongezeka. Zamani alionja langu tu. Sasa vibuyu vilikuwa vya wagema wote, na wanywaji hawakuaminiana.

"Hili la nani?" mtu anauliza.

"La yule Mmatumbi wa nyumba ya mwisho."

"Simjui. Onja, mama."

Anaonja.

"Na lile?"

"La mume wangu."

"Huyo namjua. Onja hata hivyo."

Msimu wa mabibo ukiingia ulikuja na uraka, pombe yake, nao unaonjwa. Romani, kijana wa Kimwera aliyependa mzaha, alikuwa akimwambia, "Onja taratibu, mama Abdala, utatumalizia!" Kilabu kizima kikacheka, naye akacheka, akafuta midomo kwa ncha ya kanga.

Alianza kuchoka. Akitoka kisimani alitua ndoo njiani, zamani hakutua. Miguu ikavimba. Ukibonyeza kidole, shimo linabaki. Kadija akamtania.

"Wifi, mbona umefura hivi? Abdala anapata mdogo wake?"

"Kwa umri huu? Labda mjukuu wangu kapotea njia."

Lakini haikuwa mzaha. Akawa hawezi kulala chali, anasema maji yanampanda kifuani. Alilala ameketi, ameegemea ukuta. Mwingine akasema safura. Mwingine akasema ni jini wa kisiwani aliyemfuata. Tukachinja, tukafukiza, tukavaa hirizi.

Ramadhani ikaandama. Kilabu kikafungwa, kama kila mwaka. Mwanaheri alifunga. Siku za mwanzo mikono ilimtetemeka, akatokwa jasho, akawa mkali kwa kila mtu. Nikasema mwache afungue, ni mgonjwa. Akakataa. Kisha mtetemeko ukaisha. Miguu ikapungua. Akalala chali kama msichana. Kufika mwisho wa mwezi alikuwa akichota maji na kurudi bila kutua.

Kadija alipiga vigelegele. "Saumu imemfukuza jini!"

Na sisi wote tukaamini hivyo. Sikukuu ya Idi alicheza. Idi ilipokwisha kilabu kikafunguliwa, naye akashika kata. Haukupita muda miguu ikajaa tena. Tukasema jini karudi.

Kaka yake, Bakary, akapata habari kuwa dada yake anaumwa. Ni mvuvi, mtu wa swala tano. Akaja, akasema mambo ya hirizi basi, twende hospitali. Tukapanda lori la korosho, sisi watatu, mpaka hospitali ya misheni upande wa Lindi.

Huko alikuwepo sista Scholastica. Mwanamke mfupi, Mmwera, macho makali. Alinisalimia vizuri.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Akamtazama Mwanaheri miguu, shingo, kucha. Akamwekea chombo cha kusikilizia kifuani, akasikiliza sana. Kisha akauliza, "Mama anakunywa pombe?"

Bakary akawahi. "Sisi Waislamu, sista."

"Nimemwuliza mama."

Mwanaheri akajivuta kanga. "Sinywi," akasema. "Ninauza. Kwa hiyo ninaonja."

"Unaonja kiasi gani?"

"Kidogo. Kata haijai."

Sista akatoka, akarudi na beseni jeupe lenye maua chini, na jagi la maji, na kikombe.

"Nioneshe," akasema. "Siku moja ya kazi, tangu kilabu kifunguliwe. Kila unapoonja, unachomeza kimimine humu. Usinitajie hesabu. Mimina tu."

Mwanaheri akacheka kwanza, akaona ni mchezo. Akachukua kikombe.

"Hiki cha mume wangu, asubuhi." Akamimina. "Hiki cha Mmatumbi. Hiki cha mgema mwingine. Hapa mwenyekiti kapita na wageni wake. Hapa wametoka shamba la kijiji, wana kiu, vibuyu vinafunguliwa mbiombio." Akamimina, akamimina. Sauti ikaanza kushuka. "Hapa Tomaso. Tomaso haamini mpaka aone mara mbili."

Maua ya beseni yakazama. Alikuwa bado hajafika alasiri.

"Endelea, mama," sista akasema kwa upole.

Aliendelea bila kutaja mtu tena. Nilisikia maji tu. Maji yakakaribia ukingo, hayakufika. Akaweka kikombe chini, akafunika uso kwa kanga. Bakary aliyatazama yale maji. Akainuka akatoka nje. Kofia yake aliisahau kwenye benchi.

"Na wewe, baba," sista akasema. "Unakunywa?"

"Mimi nakunywa."

"Mimina yako."

Beseni langu lilijaa. Nikaomba jingine, nalo likajaa. Sista akanisikiliza kifua, mbele na mgongoni.

"Moyo wako unadunda vizuri kwa sasa," akasema. "Usijisifu. Wanaume huja hapa na ugonjwa huuhuu, na wengi kuliko wanawake, maana wanywaji wengi ni wanaume. Moyo wa mama umetanuka. Umekuwa kama mfuko uliolegea. Unasukuma damu, hauimalizi. Maji yanabaki miguuni, yanabaki kifuani."

Mwanaheri akafunua uso. Hakumtazama sista, alitazama mabeseni.

"Yeye kajaza mawili," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na mimi sikujaza moja."

"Ndiyo."

"Na tulianza pamoja. Yeye alianza kabla yangu."

"Najua."

"Basi mbona mimi?"

Sista akaketi karibu naye. "Mama, ukitia kijiko cha chumvi kwenye sufuria ya ubwabwa, na kijiko kilekile kwenye kikombe cha uji, wapi chumvi itazidi?"

"Kwenye kikombe."

"Mwili wa mwanamke una maji machache kuliko wa mwanaume, hata wakiwa na uzito mmoja. Pombe ileile kwako inakuwa kali zaidi. Tena tumbo lako haliivunji kama tumbo lake, kwa hiyo nyingi zaidi inaingia kwenye damu. Moyo unapata kipigo kikubwa kwa kinywaji kidogo. Nimewaona hapa. Mwanaume anafika kwa kuzunguka, miaka mingi, vyombo vingi. Mwanamke anafika kwa njia ya mkato. Na kwa kuwa halewi barabarani, hakuna anayemwona akienda."

Nilitazama miguu yangu. Ilikuwa mikavu, imara, ya kupandia minazi.

"Nikiacha?" Mwanaheri akauliza.

"Moyo wa namna hii unaweza kurudi. Si wote, lakini mwingi. Umewahi kuacha?"

"Ramadhani."

"Ulijionaje?"

Niliona anaelewa. "Nilipona," akasema.

"Basi dawa unaijua. Nitakupa vidonge vya kutoa maji, lakini dawa ni hiyo. Kila siku iwe Ramadhani."

Bakary tulimkuta chini ya paa la nje, anachora mchanga kwa kidole cha mguu. Hakunilaumu. Bora angenilaumu.

"Shemeji," akasema, "na wewe dada. Neno hili liishie hapa. Baba ni mzee. Akisikia kinywa kiligusa, atakufa nalo. Dada aache, namwomba. Lakini sababu isisemwe."

"Nitaacha," Mwanaheri akasema. "Na sitasema."

Basi hapo ndipo alipokuwa amefungwa. Aache, na asiseme kwa nini.

Tulirudi. Alikwenda kwa mwenyekiti Yunusu kuomba kazi nyingine, shambani au kwenye kuku wa kijiji. Yunusu si mtu mbaya. Akamwambia, "Mama Abdala, kila mtu ana kazi yake. Kilabu ndicho kinanunua dawa za zahanati. Toa sababu nipeleke kwenye kamati." Sababu hakuwa nayo ya kutoa.

Akatafuta njia. Alisema ameweka nadhiri. Ameponywa, kwa hiyo ameapa kinywa chake kisiguse tembo. Watu wa hapa nadhiri wanaiheshimu. Ikakubaliwa niwe ninaonja mimi, yeye anamimina. Ndiyo kusema kinywa changu kikabeba na chake juu ya changu. Mpaka leo nashangaa jinsi kilivyoweza.

Alipona. Polepole, lakini alipona. Miguu ikawa miguu. Alilima bustani ya mchicha. Kisomo tulianza pamoja, yeye akanipita, akawa ananicheka. "Baba Abdala, hiyo si 'm', hiyo ni mende." Niliona mwanya wake tena.

Ukaingia wakati wa njaa, kabla ya mahindi mapya. Watu walikula mihogo michungu isiyokauka sawasawa. Romani akala, akaja kilabuni, akanywa, akaanguka anatapika, macho yamegeuka. Wakambeba zahanati. Hakufa. Mganga wa zahanati alisema ni mihogo, lakini alisema kesho yake.

Siku ileile ndiyo iliyoharibu. Jioni mimi nilikuwa juu ya mnazi. Ule mnazi mrefu wa ukingoni, kutoka kwake unaona kilabu chote, paa na uwanja. Niliona watu wamesimama, hawakuketi. Kwanza nilisikia mtu mmoja, baadaye niliambiwa ni nani, sitamtaja, maana alipoteza mtoto mwaka huu.

"Huyu mama haonji siku hizi!"

Na mwingine, "Mume anaonja, mke anamimina. Nani ajue mkono umefanya nini katikati?"

"Nadhiri gani inayomwangusha mtu?"

"Kwao ni kisiwani. Watu wa kisiwani mnawajua?"

Sauti ya Mwanaheri sikuisikia. Nilimwona amesimama kati ya vyungu, kata mkononi. Tomaso akaanza, nusu ya mzaha, "Onja, mama Abdala, yaishe." Basi kundi likaipokea. Onja. Onja. Onja. Kama ngoma. Mwenyekiti alikuwepo, amekunja mikono.

Nikaanza kushuka. Mnazi hauteremkwi kwa haraka, mguu unashika kidato kimoja, kisha kingine. Niliita, nikaita jina lake, na watu hawatazami juu. Nikiwa katikati niliona kata inainuka.

Alionja. Alionja kibuyu kimoja, akafuata cha pili, akamaliza vyote. Walipiga makofi. Nilipofika uwanjani watu walikuwa wameketi wanakunywa, wamesahau, wananikaribisha.

Tulirudi nyumbani. Mlangoni nikamwuliza.

"Ungesema sista amekukataza."

"Amenikataza nini? Watauliza. Nikijibu, habari itakuwa Pande kabla ya Ijumaa, na Songo Mnara kabla ya Jumamosi."

"Umeonja leo tu, kuwafunga midomo."

"Kesho watauliza kwa nini jana niliweza."

"Na sista je?"

"Sista haishi hapa, baba Abdala."

Romani alipopona alikwenda kumwomba radhi. Akamwambia ilikuwa mihogo, mama, si wewe. Mwanaheri akamjibu, "Hapana neno, mwanangu." Lakini desturi ilikuwa imerudi mkononi mwake, na mwili wake nao ulikuwa umekumbuka. Akaendelea. Safari hii moyo haukungoja miaka. Kabla ya mavuno miguu ilikuwa imejaa mpaka magotini.

Nikamwambia twende kwa sista. Akasema, "Ramadhani haiko mbali. Ikiandama, nitapumzika, na hakuna atakayeniuliza sababu." Alikuwa anaingoja kama mtu anavyongoja lori. Kila nikirudi toka mnazini ananiuliza, "Mwezi unasemaje?" Rajabu ikapita. Shaabani ikaingia. Akafurahi. Alishona hata kitambaa cha kufunikia futari.

Shaabani haikwisha. Ilikuwa mchana, baada ya adhuhuri. Alikuwa ameketi ameegemea ukuta, maana kulala hakuweza. Akataka maji ya mtungini, si ya ndoo. Nikaenda kumchotea. Niliporudi alikuwa bado ameketi.

Mzee Hasani aliletwa na Bakary, kwa mashua kisha kwa lori, amefungwa shuka kiunoni asianguke. Mwanaheri tulimzika alasiri ya siku ya pili. Kilabu kizima kilikuwepo. Tomaso na Romani na wenzao Wakristo walisimama nyuma, kofia mkononi.

Sheikh akauliza kama inavyoulizwa, "Mnamshuhudiaje marehemu?"

Kule kilabuni 'onja' waliisema kwa sauti moja. Pale makaburini 'mwema' ilitoka mojamoja. Mmoja hapa, mmoja kule, wanatazama chini. Sheikh akauliza mara ya pili. Tomaso, ambaye hakuulizwa, ndiye aliyesema kwa nguvu, "Mwema!" kisha akageuka akaenda zake.

Watu walipotawanyika mzee Hasani alinishika mkono. Mkono wake ulikuwa mwepesi kama ganda.

"Mwanangu," akasema, "kinywa chake?"

Bakary akageuza uso. Mimi nikasema, "Alikuwa anaingoja Ramadhani, baba."

Ilikuwa kweli. Mzee akatikisa kichwa, akafurahi. "Alhamdulillahi," akasema. "Alhamdulillahi."

Alhamdulillahi ile inanikaa masikioni kuliko kelele za kilabu. Mzee Hasani naye amefariki mwaka huu. Ndiyo maana naandika.

Siku hizi kilabuni kila mgema anaonja lake mwenyewe mlangoni, ndipo anakabidhi. Yunusu alisema hivyo siku moja, asubuhi, amesimama tu, na watu wakasema sawa. Haikuchukua muda wa kuvuta sigara. Hakuna aliyebisha. Lilikuwa jambo dogo kiasi hicho.

Mimi nimeshuka minazi, sigemi tena. Tembo nimeacha, lakini nimeacha baada yake, mlijue hilo. Juzi Kadija alinilazimisha, nikaenda kwa sista Scholastica. Alinikumbuka. Akaniwekea chombo kifuani, akasikiliza mbele, akasikiliza mgongoni.

"Una bahati, baba," akasema. "Bado una nguvu."

Yale mabeseni yalikuwa pale pale, yamefunikwa moja juu ya jingine. Nikaona haya kuvaa shati mbele yake. Nikalichukua mkononi, nikaenda kulivaa nje.